Kanda ya ami: kwetu ilisikika safi, Konde ikazibika

Ami yangu yupo Konde, kaskazini ya Pemba, umri wake umeshapita 80 na macho hayaoni tena, presha ya macho ilianza na la kulia ikamalizia na la kushoto. Masikio lakini mazima kabisa, ukiingia uani kwake anakujua kwa mwendo kabla hujapiga hodi. Mwanawe yupo Maskati na familia yake, wajukuu wanne, na hao wajukuu hawaishi kutuma voisi kwenye simu ya dada yangu (binti yake ami, ndie anaekaa nae), ila dada ni mwalimu, anatoka asubuhi na simu yake anarudi jua la utosi, na akirudi ana mambo elfu. Tukamnunulia ami simu yake mwenyewe, haikusaidia kitu. Simu ya kioo kwa mtu asieona ni kigae tu, haina pa kushika, akigusa huku kunafunguka kule, mwisho akaturudishia akasema hii siiwezi, wapeni watoto.

Anachokiweza ni redio kaseti yake. Ile ya vitufe vikubwa vinavyozama ukibonyeza, vimepangwa safu moja, anavijua kwa kidole kama anavyozijua punje za tasbihi. Ndipo dada akanipigia akaniuliza, "Hivi hizi voisi haziwezi kutiwa kwenye kanda?" Mie niko Unguja, Kikwajuni, nimeachiwa na marehemu baba stereo yake ya vipande vipande, amplifaya, deki ya kanda mbili na spika mbili za mbao, na vyote bado vinafanya kazi. Nkamwambia zinaweza, nirushie zote.

Nlidhani ni kazi ya jioni moja. Ilichukua miezi minne na kanda tatu, na naieleza yote kwa sababu najua kuna wengine wana mzee kama huyu nyumbani na stereo imefunikwa kitambaa ukumbini.

Kwetu visiwani kutumiana sauti kwa kanda si jambo geni hata kidogo. Kanda ya kaseti Philips waliionesha mara ya kwanza Berlin mwaka 1963, mwaka ule ule ambao sisi tulipata uhuru Disemba, na baada ya 1970 watu wengi wa Unguja na Pemba walipohamia Omani hiyo kanda ndo ikawa barua. Mtu akisafiri anapewa bahasha na kanda ndani. Nyumba nzima inakaa mkekani, wanaanza wakubwa kusalimia mpaka wanafika watoto, jogoo anawika katikati, na mwisho lazima mmoja aseme haya jamani kanda inaishia. Ami kashafanya hizo nyingi. Chini ya kitanda chake ana sanduku la kanda: maulidi, taarab alizorikodi redioni, na kanda moja ambayo ntaifikia mbele maana ndo iliyoamua kila kitu.

Basi mpango wangu ulikuwa hivi. Waya wenye pini ndogo upande wa simu, na upande wa pili pini mbili, nyekundu na nyeupe, zinaingia nyuma ya amplifaya palipoandikwa AUX, na amplifaya nayo imeunganishwa na deki. Unachagua AUX, unaweka kanda upande unaorikodi (deki za kanda mbili nyingi ni upande mmoja tu unaorikodi, mwingine wa kupiga basi), unabonyeza REC na pozi, unapiga voisi moja ya majaribio huku unatazama taa za kipimo, ukiridhika unaachia pozi. Kanda nlitumia Maxell UR ya dakika 60, mpya, tuliletewa kutoka Dubai. Wengine wataniuliza kwa nini sio ya 90 ili zienee voisi nyingi. Kanda ya 60 ina kama mita 90 za utepe na utepe wake mnene, ya 90 ina kama mita 135 ndani ya kasha lile lile, kwa hiyo lazima utepe uwe mwembamba zaidi, na ya 120 mwembamba zaidi ya hiyo. Redio ya zamani yenye mota iliyochoka na roli ya mpira iliyokakamaa ukiipa utepe mwembamba inautafuna. Mzee asieona kanda ikimtafunia hawezi kuichomoa, basi tena.

Makosa madogo ya kanda ya kwanza ntayapitia haraka. Sekunde kama tano za mwanzo za kanda ni kipande cheupe kisichoshika sauti, mie nkaachia pozi pale pale, salamu ya mjukuu mkubwa yote ikamezwa, ikaanzia kwenye "...laykum babu". Tangu hapo natia kalamu ya biki kwenye tundu nazungusha mpaka utepe wa kahawia utokeze ndo naanza. Simu nliiacha kwenye chaja, ukaingia mvumo chini ya sauti zote, mmmm, nlipochomoa chaja ukaondoka. Meseji ikaingia katikati ikarikodiwa na mlio wake, kwa hiyo simu iwekwe kwenye hali ya ndege. Na watoto hawalingani sauti, mmoja anapiga kelele mpaka taa nyekundu zinawaka zote, mwingine ananong'ona, inabidi usimame na kitufe cha kiwango cha kurikodi mkononi, kila voisi unairekebishia peke yake mpaka wote wacheze pale pale kwenye sifuri, wakipanda wapande kidogo tu.

Nlipomaliza nlikaa nkaisikiliza yote, upande A na upande B. Ilikuwa safi. Nafikiri hata simu yenyewe haikuwa na sauti nzuri kama ile, maana spika za baba zinaijaza nyumba. Nkampa kijana anaepanda boti ya Wete, kanda imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kitambaa, nkakaa kusubiri furaha.

Siku ya tatu dada akapiga. "Ami anasema watoto wamejifunika shuka." Vipi wamejifunika shuka? "Hawasikiki vizuri. Sauti zipo, maneno hamna. Yule mdogo anasema 'ikamoo babu', ami ananiuliza huyu mtoto katoka meno?"

Hili neno la ami lingenitosha kama nlikuwa na akili ya kulisikiliza vizuri siku ile. Kasema *ikamoo*. Hakusema sauti ndogo, hakusema inakwaruza. Kilichokosekana ni sh, peke yake. Lakini mie nkakimbilia nnayoyajua. Nkamwambia dada asafishe hedi (kile kichwa kinachogusa kanda na kuisoma), achukue pamba kwenye kijiti, aichovye kidogo spiriti, afungue mlango wa kanda asugue ile hedi ya chuma inayong'aa na roli ya mpira, asubiri ikauke. Akafanya, pamba akasema imetoka rangi ya kahawa, na sauti ikafunguka kidogo lakini kidogo sana, mdogo bado hana meno.

Hapo nkaigeukia deki yangu nkaona taa ya Dolby inawaka, nkasema nimekushika. Dolby B ni ule mpango wa kupunguza shhh ya kanda: wakati wa kurikodi inazinyanyua zile sauti nyembamba zilizo dhaifu, kufika kama desibeli 10, halafu wakati wa kupiga inazishusha tena na ile shhh inashuka nazo. Redio ya ami haina Dolby. Nkaona wazi, hiyo ndo sababu. Nkarikodi kanda ya pili Dolby imezimwa, kila kitu upya, jioni mbili nzima, na jioni ya pili umeme ukakatika katikati ya wimbo aliokuwa anaimba mjukuu wa kike. Umeme ukikatika deki ikiwa inarikodi kanda inabaki imebanwa kati ya kijiti cha chuma na roli, uitoe mara moja, ukiiacha hivyo mpaka asubuhi roli inaingia bonde, na ule mpira ukishaingia bonde kila mzunguko sauti inatikisika. Na unaporudi usianzie ulipokatikia, rudi nyuma mpaka kwenye kimya, uanze voisi ile upya.

Kanda ya pili ikaenda Pemba. Ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Sasa ukitulia utaona ni lazima iwe hivyo. Kanda iliyorikodiwa kwa Dolby ukiipiga kwenye redio isiyo na Dolby inazidi wembamba, inakuwa na trebo nyingi, haizibiki. Kwa hiyo Dolby ndo ilikuwa inamsaidia ami kupata zile s chache alizopata kwenye kanda ya kwanza, mie nkaja nkaiondoa. Nlichukua tiba ya ugonjwa mwingine. Hapo nkaacha kubuni nikiwa Kikwajuni, nkakata tiketi.

Nlifika Konde jioni. Shikamoo ami, marahaba mwanangu, umekuja na hao watoto wasio na meno? Nkacheka nkamwambia nimekuja kuwatia meno inshallah. Baada ya magharibi tukakaa na redio katikati yetu, na nkamuomba ami anitolee sanduku lake, nkafanya kitu ambacho kingefanywa siku ya kwanza: nkapiga kanda tofauti tofauti kwenye mashine ile ile.

Kanda yangu: imezibika, shuka kweli. Kanda ya taarab ya kununua dukani, ya miaka hiyo: nayo imezibika, fidla hazina ncha, na dada akasema hiyo ndo ilivyo siku zote, sisi tunajua imechakaa. Kanda ya maulidi aliyoirikodi ami mwenyewe kwa redio hii, imewekwa juu ya kiti msikitini: safi. Unasikia vidole vinavyogonga dufu, unasikia mtu anafungua bahasha ya ubani. Redio ile ile, dakika ile ile.

Kwa hiyo redio inajua kusoma sauti nyembamba, ila inazisoma zake yenyewe tu, za wengine haiziwezi. Ugonjwa wa namna hii una sababu moja, nayo ni hedi iliyoinama. Nkamuuliza ami hii redio ilishafunguliwa? Akasema zamani sana, hedi iliisha, fundi mmoja akaitia nyingine, hata dada hajamaliza skuli.

Ntaeleza kidogo hapa maana ndo kiini. Hedi ina mpasuko mwembamba kabisa usioonekana kwa macho, na huo mpasuko ndo unaoandika na ndo unaosoma. Unatakiwa usimame wima, digrii 90 na njia ya kanda. Kanda yenyewe inatembea taratibu mno, sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo sauti nyembamba zinaandikwa zimebanana: mlio wa kilohezi 8 (mitetemo 8,000 kwa sekunde), huko juu ambako ukali wa s na sh unafika, wimbi lake zima juu ya kanda lina urefu wa kama sehemu 6 za elfu moja ya milimita. Besi wimbi lake refu, hedi ikiinama haihisi kitu. Lakini kwa kile kiwimbi kidogo, hedi ikiinama hata robo ya digrii, sehemu ya juu ya mpasuko inasoma mgongo wa wimbi wakati ya chini inasoma bonde, zinakulana, mlio unakufa. Ikiwa imeandikwa na hedi iliyoinama na inasomwa na hedi iliyoinama vile vile, hakuna kinachopotea. Ndo maana maulidi safi.

Na kuna la pili ambalo lilinifungua macho kwa nini kwangu nlikuwa sisikii tatizo hata nlipojaribu kanda za watu. Stereo inasoma njia mbili nyembamba, kila moja kama milimita 0.6. Redio ya ami ni mono, inasoma njia moja pana ya milimita 1.5. Kadiri njia inavyokuwa pana ndivyo juu na chini zinavyoachana ukiinamisha. Kosa lile lile la robo digrii ambalo kwenye stereo linakula trebo kidogo tu, kwenye mono linaifuta kabisa.

Nlikuwa na bisibisi ndogo mfukoni. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili, moja imebana moja kwa moja na nyengine ina springi chini yake, hiyo ya springi ndo inayoinamisha na kuinua. Nlishafungua mlango wa kanda, nshaiweka ncha juu ya skrubu, robo mzunguko tu na kanda za dunia nzima zingesikika kwenye redio ya ami. Ami akaniuliza, "Ukishageuza hapo, hizi zangu zitakuwaje?"

Nkanyamaza. Maana jibu ni kwamba zitazibika zote. Maulidi yatazibika. Na akaingiza mkono kwenye sanduku, akapapasa, akatoa kanda moja isiyo na karatasi wala kasha, imefungwa uzi wa nailoni, akanipa niiweke.

Msimu wa karafuu. Usiku uani, watu wanachambua, unasikia makonyo yanavyokatika, tk tk tk, watoto wanagombana, na marehemu mkewe anapima. Anahesabu kwa sauti: pishi ya tano, pishi ya sita, pishi ya saba, haya nani anafuata. Halafu kwa mbali anasema, hiyo redio umeiweka ya nini hapo. Na ami wa zamani zile anacheka. Ni kama dakika kumi na moja hivi, ndo sauti yake pekee iliyobaki, hakuna video, hakuna nyengine. Kila "pishi" ina sh kali kama kisu.

Nkaitoa bisibisi nkairudisha mfukoni.

Kabla ya chochote nkaigeuza ile kanda nkatazama mgongo wake, na moyo ukanipasuka: vile vijisahani viwili vya plastiki vya kuzuia kurikodi vilikuwa bado vipo. Miaka yote hii, mzee asieona, na kitufe cha kurikodi kipo jirani na cha kupiga. Nkavivunja vyote viwili pale pale kwa ncha ya bisibisi. Nkamshikisha ami kidole, nkamwambia hapa palipokuwa pamefunikwa sasa pana shimo, na palipo na shimo redio inakataa kurikodi, kitufe hakizami. Akajaribu mwenyewe, kikakataa. Akapapasa lile shimo muda mrefu.

Basi njia iliyobaki ikawa kuinamisha deki yangu ifuate redio yake. Wapo watakaosema unaharibu mashine nzuri ili ilingane na mbovu. Mie naona hivi, kanda hii ina msikilizaji mmoja na mashine moja, haiuzwi dukani, kwa hiyo iliyo sawa ni ile atakayoisikia ami. Skrubu ya deki yangu narudisha nikitaka. Sauti ya marehemu hairudi.

Lakini kuinamisha kiasi gani? Hapo inatakiwa kanda ya kupimia, na sikuthubutu kuibeba ile ya pishi kwenye boti. Nkachukua kanda tupu nkaitia kwenye redio ya ami, nkamwambia bonyeza viwili kwa pamoja, uzungumze chochote chenye s na sh nyingi. Akakaa vizuri akaanza: asubuhi, shamba, sisi sote, shashi, sita, saba, pishi, fisi. Dada akaja akatikisa bunda la funguo mbele ya maiki ya redio, maana mlio wa funguo una wembamba mwingi kuliko sauti ya mtu. Dakika tano zilitosha. Mawe ya redio (betri) tulitia mapya kabla ya kurikodi, hilo muhimu, mawe yakichoka mota inapunguza mwendo, ukirikodi hivyo kanda ikapigwa kwenye deki inayokwenda sawasawa mtu anakuwa na sauti ya mtoto.

Kurudi Kikwajuni nkafungua mlango wa deki upande unaorikodi, nkachukua rangi ya kucha ya binti yangu nkaweka alama ndogo, nusu juu ya kichwa cha skrubu nusu juu ya chuma cha pembeni, ili nikitaka kurudi nijue ilikuwa wapi. Amplifaya nkaibonyeza kwenye mono ili kulia na kushoto zichanganyike, hapo kosa la hedi linasikika zaidi. Nkapiga kanda ya ami. "Aubui, hamba." Loo. Nlikuwa sasa nipo upande wake, nasikia kwenye spika za baba kile alichokuwa anakisikia yeye miezi yote. Nkaanza kugeuza taratibu, upande mmoja ikazidi kuzibika, nkarudi, nkapita palipokuwa, nkaendelea upande wa pili, na ghafla funguo zikafunguka, chwaaa, nkapita kidogo zikafifia, nkarudi. Haikufika hata nusu mzunguko. Asubuhi. Shamba. Sisi sote. Ami akawa amekaa ukumbini kwangu. Kwenye deki ya hedi mbili kama hii, hedi inayosoma ndo hiyo hiyo inayoandika, kwa hiyo ukishailinganisha kwa kusoma umeshailinganisha kwa kurikodi, huna kazi nyengine.

Kanda ya tatu nliirikodi kwa utulivu. Dolby imezimwa. Voisi zote nimezipanga mjukuu kwa mjukuu, na katikati ya mmoja na mwengine nimeacha kimya cha sekunde nne halafu nikagonga meza kwa vidole mbele ya maiki ya simu: gongo moja wa kwanza, mawili wa pili, mpaka manne, ili ami akiwa anapeleka mbele na kusimamisha ajue yupo kwa nani. Hilo alilitaka mwenyewe. Nkajaza upande A peke yake, dakika 30. Upande B nkauacha mtupu.

Safari hii nkaipeleka mwenyewe. Ami aliisikiliza na mkono juu ya redio, kama mtu anaepima homa. Gongo moja, mjukuu mkubwa, salamu kamili yenye mwanzo na mwisho. Mawili. Matatu, yule wa wimbo. Manne, na yule mdogo, kwa nguvu zake zote: "Shikamoo babu!" Ami akasema marahaba, kwa sauti, kama mtoto yupo mlangoni, halafu akaturudishia uso akasema meno anayo.

Nkamueleza upande B ni wake wa kujibu. Nlishavunja kijisahani cha upande A ili watoto wasifutike, cha B nimekiacha. Nkamfundisha: ishike kanda upande ulio wazi, ule unaoonesha utepe, uangalie chini, na upande unaoutaka ukuelekee wewe, halafu papasa kona ya juu kushoto. Shimo, huo wa watoto, haufutiki. Pamefunikwa, huo wako. Akageuza, akapapasa, akageuza tena. "Hapa wao. Hapa mie." Akaitia, akapapasa vitufe, akabonyeza viwili kwa pamoja.

Dada akanyamazisha watoto wa jirani. Ami akasafisha koo, akasalimia, akawataja wajukuu mmoja mmoja kwa kugonga redio kidole, moja, mawili, matatu, manne. Akawaambia mvua za vuli zimenyesha, mkarafuu wa nyuma umeanza kutoa, mbuzi mweupe kazaa wawili, na kwamba bibi yao nae alikuwa na sauti kali hivi hivi, siku wakija atawasikilizisha. Jogoo akawika. Akaendelea. Alizungumza mpaka nkaona utepe wa upande wa kushoto umebaki mwembamba kama uzi kwenye kioo cha redio, nkataka kumgusa bega, na kabla sijamgusa akainamisha kichwa karibu na redio akasikiliza kidogo, akasema, "Haya wanangu, kanda inaishia," na kitufe kikaruka.